Meno ya Difu na Mlima wa Kamachumu

Anayetoka Muhutwe kwenda Kamachumu, mkoani Kagera, huanza kupanda kabla hajakaa sawasawa kwenye kiti. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Uwanda wa Kamachumu uko mamia ya mita juu yake, na kati ya ziwa na uwanda kuna miinuko ya mawe na udongo mwekundu unaoteleza kila mvua inaponyesha. Na mvua hainyeshi kidogo: Bukoba hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Kahawa hushuka, saruji na mabati hupanda, na gari huhukumiwa kwa swali moja tu: linapanda?

Jibu la swali hilo mara nyingi halimo kwenye boneti. Limo nyuma, chini ya bodi, katika kile kitumbo cha chuma kilicho katikati ya ekseli, ambacho mafundi wote wa Kagera hukiita difu. Ndani yake kuna pinioni ndogo inayozungushwa na propela, nayo huzungusha kraunwili kubwa inayopeleka nguvu magurudumuni. Kraunwili ikiwa na meno 37 na pinioni 9, propela itazunguka mara 4.11 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Kadiri namba hiyo inavyokuwa kubwa, gari hupata nguvu zaidi ya kuvuta na hupoteza mwendo. Ikipungua, gari hukimbia vizuri tambarare na kulia mlimani.

Injini nayo haizaliwi peke yake. Huwa na ukoo: bloku moja ya msingi ambayo kiwanda huitanua, huipunguza, huiongezea silinda au huibadilishia mafuta, kisha huiuza kwa majina mengi. Ni kwa kufuata koo hizo na meno ya difu, nadhani, kwamba historia ya magari katika milima hii inaeleweka, hadi pale inapokutana na magari ya Marekani ya miaka ya 1960 yaliyosifiwa kwa misuli yao.

Kabla ya magari, na gari la kwanza la watu wengi: 1890–1928

Chuma hakikuwa kitu kigeni kwa Wahaya, wenyeji wa hapa. Uchimbaji wa kiakiolojia uliofanywa Katuruka na eneo la Kemondo umeonyesha kwamba tanuri za kuyeyushia chuma ziliwaka hapa karibu miaka 2,000 iliyopita. Kilichokosekana ni barabara. Emin Pasha alipoanzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890, mizigo ilikwenda kwa mitumbwi na vichwani mwa watu. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901 na Mwanza mwaka 1928, kwa hiyo meli za ziwani ziliweza kuiunganisha Bukoba na bahari. Shida ikabaki ile ya kufikisha kahawa kutoka juu ya miinuko hadi gatini.

Miaka hiyo mojawapo ya magari yaliyofungua njia za Afrika Mashariki lilikuwa Ford Model T. Injini yake ya lita 2.9 ilitoa nguvu farasi 20 tu, na difu yake ya kawaida ilikuwa 3.64, yaani meno 40 kwa 11. Kwenye mlima mkali madereva waliligeuza na kulipandisha kinyumenyume. Gia ya kurudi nyuma ilikuwa na nguvu kuliko ya kwanza, na petroli, iliyoshuka kutoka tangini kwa uzito wake yenyewe bila pampu, iliendelea kuifikia kabureta. Dereva aliyefanya hivyo alikuwa ameshaelewa somo zima la uwiano wa gia, hata kama hakuwahi kuliandika.

Silinda sita zilizozaa koo mbili: 1929–1951

Mwaka 1929 Chevrolet ilitoa injini ya silinda sita yenye valvu juu ya hedi, ya lita 3.2 hivi. Ilikuwa imara na rahisi kutengeneza, na haikudai fundi msomi. Wakati huo kampuni mama, General Motors, ilikuwa inamiliki pia Vauxhall ya Uingereza, iliyokuwa ikiunganisha malori ya Chevrolet. Mwaka 1931 malori hayo yalipewa jina jipya la Kiingereza, Bedford, na injini yake ya silinda sita ilifuata nyayo za ile ya Chevrolet.

Miaka minne baadaye, upande wa pili wa dunia, Toyota ilitengeneza injini yake ya kwanza ya gari, Type A ya lita 3.4, kwa kuiga silinda sita hizohizo za Chevrolet. Kutoka kwenye Type A ikaja Type B, na Januari 1951 Toyota ilifunga injini ya Type B katika gari la ekseli mbili za kusukuma lililoitwa BJ. Julai mwaka huohuo gari hilo lilipanda Mlima Fuji hadi kituo cha sita, mahali ambapo magari hayakuwa yakifika, na baada ya hapo likapata oda ya polisi wa Japani. Mwaka 1954 likabadilishwa jina na kuitwa Land Cruiser.

Nasimama hapa kwa sababu jambo hili halisemwi vya kutosha. Bedford iliyobeba kahawa ya Bukoba wakati wa Waingereza na Land Cruiser ambayo leo inapeleka chanjo na wagonjwa katika vijiji vya Muleba zina babu mmoja. Babu huyohuyo, kupitia mikono ya Chevrolet yenyewe, ndiye aliyeitangulia injini ya V8 iliyokuja kutikisa Marekani.

Kahawa, Bedford na kitufe cha gia: 1950–1963

Chama kikuu cha ushirika cha Bukoba, BNCU, kilianzishwa mwaka 1950, bei ya kahawa ikiwa nzuri. Vyama vya msingi vilikusanya kahawa ya maganda kutoka kwenye vibanja, na malori yakaanza kupanda Kamachumu kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana. Mengi yalikuwa ya Kiingereza, Bedford ikiwa miongoni mwake.

Malori ya wakati huo yalikuwa na injini za petroli zilizohesabiwa kwa inchi za ujazo, na sanduku la gia nne au tano. Kwa mzigo wa tani kadhaa, gia hizo hazikutosha. Difu ya nguvu ingelipandisha lori hadi juu, lakini barabara ya tambarare ya Bukoba ingelila siku nzima. Difu ya mwendo ingelikimbiza tambarare na kulikwamisha kwenye kona ya kwanza ya mlima. Kampuni ya Eaton ya Marekani ilikuwa na dawa yake: difu yenye uwiano wa aina mbili ndani ya kitumbo kimoja. Bedford ilizifunga difu hizo, na dereva alizichagua kwa kitufe kidogo kilichofungwa kwenye mti wa gia. Akifika mguuni mwa mlima alibonyeza au kuvuta, akaachia mafuta kidogo, na difu ikahamia upande wa nguvu.

Dereva aliyekijua kitufe hicho aliheshimika. Asiyekijua alimtegemea utingo, aliyening'inia nyuma na kigogo cha mti mkononi, tayari kuruka na kukiingiza chini ya tairi mara lori lilipoanza kurudi. Kazi hiyo ya utingo haijaisha hadi leo kwenye baadhi ya njia za Kagera, na anayeifanya anahatarisha miguu yake kwa kosa lililofanywa na aliyechagua gari.

Misuli ya Marekani yaja Afrika Mashariki: 1964

Mwaka 1955 Chevrolet ilitoa V8 ndogo ya inchi za ujazo 265, yaani lita 4.3. Bloku hiyo ilitanuliwa ikawa 283, kisha 327 mwaka 1962, kisha 350 mwaka 1967, na kwa nje ilibaki ileile. Ford nayo ilianza ukoo wake mwaka 1962 kwa inchi 221, ikaenda 260, kisha 289, ambayo ni lita 4.7. Katika zote tatu, safari ya pistoni ilikuwa ileile ya inchi 2.87. Kilichoongezwa ni kipenyo cha silinda.

Mwaka 1964 Pontiac ilichukua gari la wastani, ikaliwekea V8 kubwa ya inchi 389 na kuliita GTO. Ndipo ikaanza enzi ya magari ya misuli: Mustang, Chevelle, Charger na mengine. Vijana wa huko walijifunza haraka kwamba kununua injini ni nusu ya kazi. Kiwanda kiliuza difu kuanzia 2.73 kwa wanaosafiri hadi 4.56 kwa wanaoshindana robo maili. Gari lenye V8 ya 396 na difu ya 2.73 liliweza kuachwa taani na gari la injini ndogo lenye 4.10. Kwenye barabara kuu, mwenye 4.10 alilipa: injini ilipiga kelele, ikala petroli, ikachoka mapema.

Mwaka huohuo wa 1964 magari hayo yalikuja kwetu. Yalikuwa Mercury Comet, zenye V8 ya 289. Muda mfupi kabla yake, Comet kadhaa zilikuwa zimekimbizwa maili 100,000 kwenye uwanja wa Daytona kwa wastani wa zaidi ya maili 105 kwa saa. Kampuni ikaamini kwamba gari lililovumilia Daytona litavumilia Safari ya Afrika Mashariki. Safari, iliyoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, haikuwa uwanja wa lami. Ilikuwa matope, mawe, mito iliyofurika na milima inayokuja bila kutangaza. Comet mbili tu zilimaliza, zikiwa nyuma kabisa.

Aliyeshinda alikuwa Peter Hughes, akiwa na Billy Young, katika Ford Cortina GT yenye injini ya lita 1.5. Injini hiyo nayo ilikuwa na ukoo wake, ulioanza na Anglia ya mwaka 1959 yenye sentimita za ujazo 997. Waingereza wa Ford walifanya kinyume cha wenzao wa Marekani: kipenyo cha silinda kilibaki milimita 80.96, wakarefusha safari ya pistoni kutoka milimita 48 hadi karibu 73. Kwa hiyo kwenye shindano moja zilikutana koo mbili za kampuni moja, zenye namna mbili za kukuza injini, na nguvu za ile kubwa hazikupata pa kushika kwenye tope. Magurudumu ya Comet yalikuwa na nguvu kuliko ardhi ilivyoweza kupokea. Mtu yeyote aliyewahi kusukuma gari Kamachumu mwezi wa Aprili angewaambia hivyo bila malipo.

Peugeot, Land Rover na Datsun: 1963–1973

Miaka iliyofuata ilikuwa ya magari yaliyofaa. Peugeot 404, iliyokuwa imeshashinda Safari mwaka 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968, na pikapu zake zikatapakaa kote Afrika Mashariki. Difu yake haikuwa na pinioni na kraunwili za kawaida. Ilikuwa na skrubu ndefu ya chuma inayozungusha gurudumu la bronzi. Ilikuwa kimya na imara, ila haikumsamehe mtu aliyesahau oili, na fundi aliyezoea difu nyingine hakuweza kuazima kipuri kwingine.

Land Rover ilikuwa kinyume chake. Difu ya 4.7, meno 47 kwa 10, ilikaa mbele na nyuma katika magari ya miaka mingi. Na kuanzia mwaka 1961, injini ya petroli na ya dizeli zote zilikuwa na sentimita za ujazo 2,286, za ukoo mmoja. Misheni, hospitali na serikali zikainunua kwa sababu hiyo. Gereji ya hospitali kama ile ya Ndolage, hapo hapo Kamachumu, au Rubya, ingehitaji kuwa na vipuri vya gari lililokufa ili kuliokoa lililo hai, na Land Rover iliruhusu hilo.

Mwaka 1970 Range Rover ilitoka na V8 ya lita 3.5. Injini hiyo ilizaliwa Marekani: ilikuwa ya Buick ya mwaka 1961, ya aluminiamu, ambayo Rover ilinunua haki zake mwaka 1965. Kwa kuwa ilikuwa na nguvu, Rover iliipa difu ya mwendo ya 3.54, meno 46 kwa 13. Kitumbo chake kiliweza kuingia kwenye ekseli ya Land Rover ya zamani, na hapo mafundi wakapata kazi mpya. Kwa tairi zenye mzunguko wa mita 2.5, Land Rover yenye 4.7 ikienda kilometa 60 kwa saa huzungusha propela mara 1,880 kwa dakika. Ikifungwa 3.54, mizunguko inashuka hadi kama 1,416. Injini inatulia na dizeli inapungua. Lakini gari hilohilo likirudi mlimani na magunia 20 ya kahawa, dereva atatafuta gia ya kwanza mahali ambapo zamani ya pili ilitosha.

Datsun walitoa somo zuri kuliko wote. Mwaka 1970 mshindi wa Safari alikuwa 1600 SSS yenye injini ya L16. Mwaka 1971 ikashinda 240Z yenye L24. Zote mbili zina silinda za kipenyo cha milimita 83 na safari ya milimita 73.7. Tofauti ni kwamba moja ina silinda nne na nyingine sita. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda na kuiacha Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, aliipa 240Z ushindi mwingine mwaka 1973.

Mafuta, vita na ukosefu: 1973–1983

Mwishoni mwa 1973 bei ya mafuta ilipanda duniani. Nchini Marekani enzi ya misuli ikafifia: difu za 4.10 zikawa adimu, na magari yakauzwa na difu ndefu za kuokoa petroli. Tanzania ilibana zaidi. Ilifika wakati magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili mchana. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, pamoja na kile kilichokuwa kikimiliki malori ya kahawa ya Bukoba.

Kisha Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, na baadaye yakalipua daraja la Kyaka. Vita ilipiganwa katika msimu wa mvua, na pamoja na magari ya jeshi yalitwaliwa malori na mabasi ya mashirika ya umma na ya watu binafsi kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Kilichobaki Kagera baada ya hapo kilikuwa magari yaliyochoka na duka la vipuri lisilo na kitu. Kipuri kilitafutwa kwa miezi, na mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, hata mwenye kukihifadhi kwa ajili ya kesho aliogopa.

Naamini ujuzi wa mafundi wetu ulikomaa katika miaka hiyo migumu. Fundi asiyekuwa na kitabu wala namba ya ekseli aliipima difu hivi: anainua magurudumu yote mawili ya nyuma, anaweka mawe kwenye magurudumu ya mbele na mengine ya kusimamia ekseli, anatia gia huru. Anachora mstari wa chaki kwenye propela na mwingine kwenye tairi. Msaidizi anashikilia gurudumu moja lisizunguke. Fundi anazungusha lile jingine mizunguko miwili kamili, huku akihesabu propela. Ikizunguka mara nne na kidogo, ni 4.11. Ikikaribia tano bila kufika, ni 4.7. Mizunguko miwili inatakiwa kwa sababu gurudumu moja likizuiwa, lile huru hukimbia mara mbili ya kraunwili. Hesabu hiyo inafanyika chini ya mwembe, na majibu yake ni sahihi.

Fuso zapanda: kuanzia 1984

Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na taratibu mlango ukafunguka kwa magari yaliyotumika ya Japani. Scania zilizounganishwa Kibaha zilikuwa tayari barabarani, Land Cruiser zikachukua nafasi ya Land Rover kwenye hospitali na miradi, lakini gari lililobadilisha biashara ya mlimani lilikuwa Mitsubishi Fuso.

Hapa hadithi inarudi Marekani kwa njia isiyotarajiwa. Injini za Fuso zijulikanazo sana, 6D14, 6D15 na 6D16, ni za ukoo mmoja. Zote zina safari ya pistoni ya milimita 115. Kipenyo kimeongezwa tu, kutoka 110 hadi 113 hadi 118, na uwezo ukapanda kutoka lita 6.6 hadi 6.9 hadi 7.5. Ni njia ileile ambayo Ford walitumia kwa 221, 260 na 289. Kwa mnunuzi wa Muleba maana yake ni ya shilingi: kabla ya kununua pistoni au ringi, ataje herufi na namba zilizogongwa kwenye bloku, kwa maana sura ya nje itamdanganya.

Difu za Fuso nazo hutofautiana, kwani Wajapani waliziagiza kulingana na kazi. Lori lililokuwa likibeba bidhaa nyepesi kwenye barabara kuu za Osaka lina difu ya mwendo. Lililokuwa la kokoto lina difu ya nguvu. Yote mawili hufika yakiwa yamepakwa rangi mpya. Mfanyabiashara anayelipandisha la kwanza Kamachumu na tani za saruji huchoma klachi, kisha hulalamikia injini. Wanaojua huuliza difu kwanza, na wengine huinunua peke yake na kuibadilisha.

Barabara nayo inabadilika. Lami kutoka Mutukula kupita Bukoba hadi Muhutwe ilikamilika miaka ya 2000, na barabara ya Muhutwe–Kamachumu–Muleba, kilometa 54, imekuwa ikiwekewa lami kipande kwa kipande. Lami huleta kishawishi cha difu ya mwendo, kwa sababu tope halipo tena na dizeli ni ghali. Lakini mwinuko uko palepale, na mteremko vilevile. Lori lenye difu ya 3.9 likishuka na magunia ya kahawa halishikwi na injini kama lenye 5.2, na kazi yote inaangukia breki. Wamiliki wa Kamachumu wanaobadilisha difu sasa hivi wanapaswa kwanza kukagua ngoma za breki na breki ya ekzosti, na dereva achague gia ya kushukia akiwa bado juu, kabla kona ya kwanza haijafika.